Mianzi Nyuma ya Jiko

Sogeeni karibu, wanangu, msiketi mbali kama watu waliokuja kutazama nyumba. Wewe Yahaya kaa hapa kwenye ukingo wa kitanda, na wewe Saliha chukua daftari, kwa sababu nitakayoyasema yanatakiwa kuandikwa na mkono wangu haushiki kalamu tena. Sheikh Faridi ameketi pale mlangoni kwa ombi langu, awe shahidi. Msinikatize. Pumzi niliyobaki nayo ni kama maji ya bomba letu hapa Buyenzi mwezi wa nane: yanakuja, yanakatika, na hakuna ajuaye yatarudi lini.

Juzi, jua lilipotoka kidogo baada ya ile mvua ya siku tatu, nilisikia utepe ukikwaruza ukuta wa nje. Mlidhani nimelala. Nimefanya kazi ya komisioneri miaka arobaini na moja katika mji huu, nikiwatembeza watu kutafuta nyumba kutoka Kinanira hadi Kigobe, na hakuna sauti ninayoijua kuliko ya utepe wa kupimia ukivutwa juu ya saruji. Nilimsikia mtu akisema mita kumi na tisa. Nikamsikia akiuliza, "Na hivi vyumba viwili vya nyuma vinabomolewa lini?" Na nikaisikia sauti yako, Yahaya, ikimjibu, "Usihangaike, bosi. Ule mama hana karatasi. Muzee akishapumzika, atatoka."

Sikukasirika. Mtoto anayepima nyumba ya baba yake kabla baba hajatolewa ndani si mtoto mbaya; ni mtu mwenye watoto watano na gereji ya kukodi, na mimi nimeishi mjini muda mrefu kiasi cha kujua kwamba haja ya mtu humtangulia mlangoni. Lakini kuhusu huyo mama umekosea, na kosa hilo nimelilea mimi kwa kunyamaza. Ndiyo sababu nimewaita.

Kwanza niwaachie nilichojifunza, maana nyumba ninayo moja tu, ila mafunzo ni mengi na hayahitaji kupimwa. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na mimi mlango ndio ulionilisha. Nilijua kumsimamisha mteja pale ambapo ziwa linaonekana na ufa hauonekani. Basi msikilizeni aliyekuwa akificha. Mtu akitaka kuwauzia nyumba mwezi wa saba, mwambieni mtarudi mwezi wa nne, mvua ikinyesha, mkiwa mmevaa viatu vibovu. Mkikuta rangi mpya imepakwa kutoka chini mpaka usawa wa goti, na kutoka goti kwenda juu rangi ni ya zamani, jueni maji yamekwisha kufika hapo. Simameni uani muulize maji ya paa la jirani yanaangukia wapi. Ngagara nilimjua mtumishi mmoja wa serikali, mtu msomi kabisa, aliyenunua nyumba kutoka kwa ndugu mmoja wakati ndugu wengine watatu hawajatia sahihi. Alikaa humo miaka saba, sita kati ya hiyo akiwa na kesi, na mkewe hakuwahi kutundika mapazia.

Na kabla hamjamtajia mwenye nyumba neno lolote la bei, nendeni mkawasalimie majirani wa mpakani, wa huku na wa kule na wa nyuma. Hapa kwetu kiwanja hakikuhesabiwa kuwa kimeuzwa mpaka wale mnaogusana nao mipaka waje, waketi, waone kamba ikivutwa, waseme ndiyo. Vijana wa siku hizi wanadhani ni kwa ajili ya kupata sahihi. Si kwa ajili ya sahihi. Siku maiti inapotoka kwenu, hema litafungwa kwenye ukuta wa nani? Mama yenu alipofariki, kamba moja ya hema ilifungwa kwenye nondo za dirisha la Térence, Mkatoliki yule, na nyingine kwenye mlango wa Khadidja, na hakuna hata mmoja aliyeombwa ruhusa. Hicho ndicho mtu anachonunua. Matofali yanapatikana kokote.

Nipe maji, Saliha. Kidogo tu. Haya.

Sasa nifike kwa mama Consolate. Nyinyi mnamjua kama mpangaji wa vyumba viwili vya nyuma, mwalimu mstaafu, mwenye miaka tisa uani kwetu, na hakuna aliyewahi kumwona akileta kodi. Najua yanayosemwa. Saliha, wewe ulimwambia shangazi yako kwamba labda baba ameweka mke wa siri asiyeswali, na shangazi yako, ambaye hajawahi kubeba neno bila kulimwaga njiani, akaniletea. Kwa umri wangu, na mgongo huu, kusingiziwa hivyo kulinipa nguvu wiki nzima.

Ukweli ni mzito zaidi. Mwaka ule ulioolewa, Saliha, mwezi wa saba, nilimpeleka Consolate Kinanira kutazama nyumba. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, na alitaka kitu kimoja tu, kulala mahali ambapo hakuna ndugu wa marehemu anayeweza kumwambia ondoka. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, vyumba vitatu na jiko la nje, na ukisimama barazani uliliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Nyuma ya jiko palikuwa na mstari wa mianzi michanga, na nyuma ya mianzi, hatua kumi na mbili, palikuwa na korongo. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimefika hapo na mteja mwingine, akakataa; siku ile nilihesabu hatua kumi na nane. Mnaelewa? Korongo lilikuwa linatembea. Mwenye nyumba alipanda mianzi ili mizizi ishike udongo, na kila mtu anayeishi kwenye kingo za makorongo ya mji huu anajua kwamba mianzi mipya ni hofu ya mwenye nyumba.

Akaniuliza, "Muzee, hii mianzi walipanda juu ya nini? Ni ya kazi gani?"

Nikamjibu, "Ni ya kivuli, mama. Mchana hapa jua ni kali."

Akaitazama mianzi, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Sikusema uongo mwingine siku ile. Huo mmoja ulitosha. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, mnajua, nikiwasubiri wateja chini ya vibaraza vya watu, na humo nimekutana na waongo wakubwa walioangusha falme. Sikumwona hata mmoja aliyefanya kazi yake kwa urahisi kama mimi nilivyoifanya pale nyuma ya jiko.

Mvua ya tatu ilichukua jiko. Mvua ya nne ilichukua chumba alichokuwa akilala, alfajiri, yeye akiwa kanisani. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo. Wiki ile akaja hapa na mbeba mizigo, na juu ya kichwa cha mbeba mizigo kulikuwa na mlango wa mbele wa ile nyumba, mzima na fremu yake, kitu pekee alichokiokoa. Akasema, "Muzee, wewe ndiye unajua manyumba. Nitafutie kachumba." Hakunilaumu. Angenitukana, labda ningepona.

Mlango ule ndio uliowekwa kwenye chumba chake cha nyuma hadi leo. Mmepita mbele yake miaka tisa bila kujiuliza kwa nini chumba cha mpangaji kina mlango mzuri kuliko wa mwenye nyumba.

Niliyemwambia ni mama yenu peke yake, Mungu amrehemu. Mwantum alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Si ulimwambia ni ya kivuli? Basi umupe kivuli." Kesho yake akavifagia vile vyumba viwili kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo hilo, wala hakuniacha nilisahau.

Na huyo tunayemwita mpangaji, mmeona alivyoishi nasi. Watoto wako, Yahaya, wote watano walijifunza kusoma kwenye kizingiti chake. Ramadhani ikiingia hufunga dirisha la jiko lake mchana, harufu ya samaki wake wa ndagala isitufikie, na jioni hutuletea sahani. Mama yenu alipokuwa hawezi kugeuka kitandani, aliyemgeuza usiku na mchana hakuwa binti yangu aliyekuwa na duka lake sokoni, na simlaumu binti yangu, alikuwa yeye. Mara nyingi nilitaka kumwambia ukweli. Kila mwaka nilisema, mfungo huu hautapita. Ukapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimekufa nikiwa mjenga ukuta. Bado, Saliha, bado sijafa, andika.

Andika hivi. Sheria yetu inamruhusu mtu anayeondoka kutoa hadi theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi. Vile vyumba viwili vya nyuma, Sheikh Faridi amevipima pamoja na sehemu yake ya uwanja, havifiki hata robo. Ninavitoa. Ni vya Consolate, vyake kabisa, si vya kukaa tu kwa hisani ya mtu, pamoja na njia ya upana wa watu wawili wanaopishana kutoka langoni hadi kwake, na haki ya kuchota maji kwenye bomba letu bila kuomba. Mpima aitwe, mpaka utiwe mawe, na majirani wa mpakani waje waone kama desturi ilivyo. Sehemu yote iliyobaki ni yenu, mgawane kama Kitabu kilivyosema.

Yahaya, najua maana yake. Huyo mnunuzi wako, Révérien wa Kigobe, anataka kiwanja kitupu mpaka mwisho, ajenge ghorofa, na akisikia habari hii huenda akaondoka, na pesa za kuinunua gereji yako zikaondoka naye. Ninajua ninachokuondolea. Sijawakataza kuuza, mji huu umeuzwa na kununuliwa mbele ya macho yangu na sikuona aliyelaaniwa kwa kuuza. Uzeni mkitaka. Ila msiuze kama mimi.

Sasa mwiteni. Nenda, Saliha, mwambie aje kama alivyo. Jambo hili sitaki alisikie kwa Sheikh nikiwa nimeshafunikwa. Nisubirini nipumue.

Karibu, mama. Hapana, usisimame, kaa kwenye kiti cha Mwantum. Wanangu nimekwisha kuwaambia, na wewe ulistahili kuwa wa kwanza. Ile mianzi ya Kinanira haikuwa ya kivuli. Nililijua korongo. Nililipima kwa miguu yangu. Uliniuliza, nami nikakudanganya, na nyumba yako ilikwenda na neno langu. Sikuombi useme kitu.

Sema tena. Sikio hili halisikii, njoo upande huu.

Ulijua.

Mnasikia, wanangu? Anasema amekulia milimani, baba yake alipanda mianzi kila mwaka kwenye ukingo wa mto, na kwamba alipoiona tu aliijua ni ya nini. Unasema nini, mama? "Nilikuwa nimechoka kuhama. Nilitaka mutu mumoja aniambie ni ya kivuli."

Basi ndiyo hivyo. Miaka yote hii mimi namwogopa, na yeye ananionea haya. Tulisimama wawili nyuma ya jiko lile, kila mmoja akijua, na nyumba ikauzwa.

Yahaya, nimekuona ulivyomtazama Sheikh. Najua unachofikiri, kwa sababu ni mimi niliyekufundisha kufikiri hivyo. Unasema moyoni, kama alijua, hakudanganywa, na kama hakudanganywa, baba hana cha kulipa. Hapana, mwanangu. Mtu anayeitamani nyumba hana macho, hata awe amezaliwa ukingoni. Ndiyo sababu anamchukua mtu mwenye macho aende naye. Mwenye macho nilikuwa mimi. Yeye alijidanganya kwa uchovu. Mimi niliulizwa mchana. Saliha, usifute hata neno. Liache kama lilivyo.

Usilie, mama Consolate. Umeshamuuguza Mwantum katika nyumba hii, unajua jinsi inavyokwenda.

Nimechoka sasa. Nisikilizeni haya ya mwisho. Mnizike leo hiihii kama ni leo, msimsubiri mtu wa mbali. Hema lifungwe palepale lilipofungwa la mama yenu. Nguo zangu mpeni yule mlinzi wa duka la kona, lile koti langu asipewe mwingine, alilisifu. Msigombane mbele ya watoto. Mwenyezi Mungu awape nyumba ambazo hamtaogopa mvua ndani yake. Awape majirani... wazuri, na awafanye nyinyi kuwa majirani wazuri, maana hilo la pili ndilo gumu. Nimewaridhia. Yahaya, nimekuridhia wewe pia, na utepe wako. Saliha. Nimeridhika nanyi.

Mnasikia juu ya bati? Imeanza. Hii ni ya kwelikweli, hii ya mwezi wa nne. Baada ya muda kidogo maji ya barabarani yatapita chini ya lango na kuingia sebuleni, kama kila mwaka, na nyinyi mmesogeza kabati ili alama ya maji ukutani isionekane. Nimelisikia likisogezwa.

Yahaya, chukua simu. Mpigie yule mnunuzi. Mwambie aje sasa... sasa, ikinyesha. Rudisheni kabati mahali pake. Aingie na viatu vyake, aone maji yanafika mpaka wapi... na mama Consolate amwonyeshe, yeye anajua. Mwachieni mlango wazi.