Hamsini kwa Hamsini

Treni ya asubuhi ilipoondoka, mwalimu wa Kiingereza aliyekaa mbele yangu alikuwa na rundo la madaftari mapajani. Akamgeukia jirani yake, fundi cherehani mwenye futi shingoni, akaanza kumhutubia bila kuombwa. "Wenzangu wanachezacheza tu, mama. Mimi darasa langu nalipangia maneno hamsini ya kuandika kila wiki. Nomino buluu, vitenzi vyekundu, vivumishi kijani. Ukikosea rangi, huna alama." Ungedhani wanapaka nyumba rangi.

"Na kuongea wanaongea lini?" fundi akauliza.

"Waongee nini, na aina za maneno hawazijui?" Akachomoa daftari lililojaladiwa kwa kitambaa cha maua. "Tazama hili. Hamsini kwa hamsini! Huyu binti ana kichwa."

Fundi alikitazama kile kitambaa kama mtu aliyekuta gauni lake limevaliwa na mwingine. "Huyo binti ni wangu, mwalimu. Wiki nzima alikuwa kitandani na homa. Niliandika mimi, na mimi na Kiingereza hatujawahi hata kusalimiana. Nimenakili daftari la kaka yake, ulilomsahihishia miaka minne iliyopita. Maneno ni yale yale. Naye huyo kaka mtu, juzi mgeni kamuuliza njia kwa Kiingereza, akatimua mbio."

Treni ikasimama. Mwalimu akalirudisha daftari kwenye rundo, akasogea mlangoni, kisha akageuka.

"Lakini rangi ulizipatia, mama."