Pipa la Sifa la Papa Cuthbert

Wachungaji, majirani na nyote mliofika kutuliza machozi yetu, kwa niaba ya familia tunawasomea safari ya Cuthbert Joseph, mume wa dada yetu Léocadie, mtu aliyecheka kuliko sisi sote na kuimba kuliko sisi tunaojiita kwaya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 mjini Arima, kisiwani Trinidad, mama yake akiwa mwimbishaji wa kanisa, na alisoma huko huko hadi kumaliza sekondari mwaka 1971. Shule yake ya pili ilikuwa uani kwa mjomba wake, aliyemfundisha kufua pipa la mafuta kwa nyundo mpaka libonyee kama karai, na kila kibonyeo kitoe sauti yake. Alipenda kusema kwamba mababu zake walikatazwa ngoma na wakoloni, wakaokota mabati, na Mungu hakuwahi kuuliza kama sifa zinatoka kwenye ngozi au kwenye chuma.

Mwaka 1997 alikuja Johannesburg kufundisha muziki, na tarehe 10 Januari 2004 alifunga ndoa na Léocadie, fundi cherehani kutoka Uvira, ambaye marehemu alikuwa amempelekea suruali ya kufupisha, asirudi kuichukua mpaka alipopata ujasiri wa kuposa. Walijaliwa Murielle mwaka 2005 na Exaucé mwaka 2009, ambao Kiswahili wanakisikia vizuri, hasa kinapotaja chakula, ila hujibu kwa Kiingereza.

Jambo moja lilimkaa moyoni, kulipiga pipa lake kanisani. Wazee wa kanisa, wakiongozwa na Mzee Évariste, walikataa, wakisema ni chombo cha karnivali, zile sherehe za kucheza barabarani, wakamruhusu kulihifadhi tu stoo ya jikoni, naye, bila kununa wala kuhama kanisa, alikaa benchi la nyuma akipiga makofi.

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2015, kukiwa na harusi kanisani, Mama Clémentine na wenzake wa jikoni waliona karai zuri limefunikwa kitambaa, wakalibandika kwenye mkaa, wakamimina mafuta ya kukaangia mandazi. Marehemu alipoingia jikoni alikuta chombo chake kinachemka, na Mama Clémentine akabaki ameshika kichwa, akisema, "Eish, Papa, mi nilizania ni sufuria!" Alikula andazi moja, akalisifu, kisha akatoka nje akalia.

Moto uliharibu sauti zote. Alifua kwa nyundo wiki nyingi pale mtaani Bertrams, zikarudi zote isipokuwa moja, ya juu kabisa. Akina mama, kwa aibu, walikwenda kwa Mzee Évariste, wakagoma kuondoka mpaka atoe ruhusa ya Jumapili moja. Marehemu akapiga wimbo wa mama yake, ambao sote tunaujua, na alipofika penye sauti iliyokufa mkono ukasimama, ndipo Mama Clémentine, aliyejua vizuri kosa ni la nani, akaiimba sauti ile kwa nguvu kutoka kwenye benchi lake. Katika ubeti wa pili sauti ile iliimbwa na kanisa zima, Mzee Évariste akiwemo, na Jumapili ile moja ikadumu karibu miaka mitatu. Alipopatikana fundi wa kuitengeneza sauti ile, marehemu alikataa, akasema chombo kimeshapona.

Agosti 2018 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na alifariki nyumbani Jumanne tarehe 4 Juni 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa Léocadie. Tulimpenda sana, na tunaumia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bertrams na Bellevue, walimu wenzake, na akina mama wa jikoni, ambao marehemu aliwasamehe kabla mandazi hayajapoa.

Aliomba Murielle ndiye alipige pipa leo kaburini, na mtoto anaogopa, amesema mkono utasimama pale pale uliposimama wa baba yake. Utakaposimama, ndugu zetu, tusimwache peke yake. Pumzika kwa amani, Papa Cuthbert, hapo tutaimba sisi.