Fundi Meno na Breki ya Upande Mmoja

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, naombeni mkae, na nyie mliosimama kule getini sogeeni mpate kivuli, maana historia hii ni ndefu kidogo na familia imekataa katakata kuifupisha. Jana jioni ndugu mmoja alinivuta pembeni akaniambia, kwa nia njema kabisa, mjomba, kesho ukisoma yale mambo ya breki yaruke, siku ya msiba si siku ya kugombana. Nikamwambia nimekusikia. Kusikia nimesikia, kuruka siruki, kwa sababu ukiondoa breki kwenye maisha ya shemeji yangu kinachobaki ni tarehe tupu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Meno, alizaliwa tarehe 14 Mei 1946, katika nyumba ya tatu kutoka kona, mtaa ule wa nyuma ya kiwanda cha unga, akiwa mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba mpishi wa hospitali. Dirisha la jikoni kwao lilitazama reli, na mtoto huyo kabla hajajua kuhesabu alishajua kuyaita mabehewa, hili la mafuta, hili la ng'ombe, hili la saruji, hata mama yake akawa anasema, huyu mkitaka ale mpelekeni dirishani treni ikipita, mdomo ataufungua mwenyewe.

Alianza shule ya msingi Januari 1954 na kumaliza sekondari Novemba 1965, mwalimu wake wa hesabu akilalamika miaka yote kwamba kila ukurasa una magurudumu pembezoni, kisha akasomea utengenezaji wa meno bandia na kupata cheti chake tarehe 2 Desemba 1967. Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa kwenye maabara ya meno ya hospitali yetu, chumba kile cha mwisho wa korido chenye dirisha moja na harufu ya nta, akakaa humo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Wengi wenu mliokaa hapa mnatafuna kwa kazi ya mikono yake, na msitazamane, hatutaji mtu.

Nta ile ile, plasta ile ile, waya ule ule mwembamba wa kushikia meno, ndivyo alivyotumia nyumbani kutengenezea mabehewa madogo ya mizigo, kila moja likiwa na urefu wa kiatu cha mtu mzima, kila sehemu imepunguzwa mara thelathini na mbili kutoka kwenye behewa la kweli. Naomba hapa tuelewane vizuri. Hakutaka kitu kinachofanana na behewa, alitaka behewa lile lile, la mwaka ule ule, rangi ile ile, ribiti za kuungia mabati zikiwa idadi ile ile, na kama bati la ubavuni lilibonyea basi na la kwake libonyee hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kukata kipande kimoja aliweza kuzunguka mwaka mzima akiuliza watu, akipima vyuma vilivyotupwa, akitazama picha za zamani. Kuna mabibi wamekaa hapa wanaokumbuka alivyoomba kuona albamu zao za harusi, wakamfungulia kwa furaha, kumbe yeye anatafuta treni iliyosimama nyuma, na analalamika waziwazi kwamba bibi harusi kaziba magurudumu.

Sasa nakuja kwenye ndoa, na ndipo breki inapoingia. Pale hospitalini alikutana na dada yangu, karani wa mapokezi, wakapendana, na Jumamosi tarehe 10 Machi 1973 akaja nyumbani kujitambulisha kwa baba yetu, mikononi kabeba zawadi aliyoihangaikia miezi mingi. Alikuwa amesikia kwamba mzee alifanya kazi reli, na kwamba kazi yake ilikuwa kufunga breki za mabehewa ya mizigo, basi akamtengenezea behewa la saruji, zuri ajabu, milango inateleza, na mikono midogo ya breki, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Maskini wa Mungu, hakujua anachokiingiza nyumbani kwetu.

Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1959 mabehewa mawili ya saruji ya aina hiyo hiyo, yaliyoachwa njia ya pembeni hapo stesheni, yaliteremka yenyewe, yakabomoa ukuta wa ghala la mizigo. Hakuumia mtu, ila lawama ilibidi impate mtu, na ikampata baba. Yeye alieleza tangu siku ile mpaka anaingia kaburini kwamba mabehewa yale yalikuwa na mkono wa breki upande mmoja tu, kwamba siku ile upande huo ulikuwa umebanwa na ukuta wa jukwaa la kupakilia, hata mguu wa paka haupiti, kwamba alimwambia mkuu wa stesheni yavutwe kwanza yageuzwe, na mkuu wa stesheni akamjibu, weka kabari tu bwana, yatakaa. Tume ya watu watatu ikatoka kwenda kuangalia, wakakuta behewa jipya limesimama karibu na ofisi, la aina nyingine kabisa, wakaona lina mikono miwili, wakarudi kunywa chai. Wakaandika kwamba breki zilikuwa pande zote mbili na mfanyakazi alizembea. Akafukuzwa. Haukupita mwaka karakana ikaanza kuongeza mkono wa pili kwenye yale mabehewa ya zamani, kimya kimya, moja baada ya jingine, na kuanzia hapo kila aliyeyaona aliona miwili, na baba akawa mwongo mbele ya mji mzima. Watoto wa shule walimwita Mzee Breki. Sisi tulikuwa watoto wa Mzee Breki, tukichelewa kidogo tu darasani mtu anauliza kama tumeteleza.

Basi mzee akalipokea behewa, akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akasema, nani kakutuma uje kunicheka nyumbani kwangu? Shemeji alitoka mbio na kiatu kimoja. Dada akamfuata mpaka kwenye kona, analia, akamsimulia habari yote, akitegemea kwamba hapo uchumba umekwisha, na yule bwana, badala ya kuuliza kama wataoana, akauliza, baba anasema mkono ulikuwa upande gani? Dada anasema hapo ndipo alipojua kwamba mume ni huyu.

Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975, baba akahudhuria, akala, akaenda zake. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1976, wa pili dereva wa malori aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1979, na wa mwisho mwalimu aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1983, na wote watatu wamekulia kwenye nyumba ambayo meza ya chakula ilikuwa karakana, sahani zinapakatwa mapajani, na ole wako uguse kitu kinachokauka.

Miaka kumi na zaidi marehemu alitafuta behewa moja tu la aina ile ambalo karakana haikuligusa. Watu walimcheka. Walisema mtu mzima ana kazi yake na familia yake anazunguka na futi kamba nyuma ya viwanda. Tarehe 6 Juni 1987 alilipata, na lilikuwa karibu kuliko wote tulivyodhani, nyuma ya kiwanda cha unga, mtaa aliozaliwa, limezama kwenye udongo mpaka kwenye magurudumu na limegeuzwa banda la kuku. Kiwanda kililinunua mwaka 1957, miaka miwili kabla ya ajali, likafanywa ghala, kisha wakahamia kuku. Dada yangu alivua kitambaa cha kichwa akawa anafukuza kuku, na mume wake akapiga magoti kwenye mbolea na kile chuma chembamba cha kukwangulia meno, akakwangua rangi taratibu, kijani, chini yake nyekundu ya kutu, chini yake kijivu, mpaka chuma chenyewe. Upande mmoja matundu ya kushikilia mkono wa breki yalikuwepo, manne, yana kutu ya miaka. Upande wa pili alikwangua kutoka gurudumu hadi gurudumu, hakuna tundu, chuma kizima ambacho hakijawahi kutobolewa tangu kitoke kiwandani. Alipiga picha, akapima, akalia, na dada anasema kuku nao walishangaa.

Akatengeneza behewa jipya, na Machi 1988 akalipeleka kwa baba mkwe, ambaye wakati huo macho yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, hata uso wa mtu hauoni. Mzee akalipakata. Akapitisha vidole upande mmoja, akaugusa mkono wa breki, akausukuma chini, ukashuka. Akaligeuza, akapitisha vidole polepole upande wa pili, akarudia tena, akasema, upande huu hamna kitu. Kisha akacheka, mzee ambaye hatukuwahi kumsikia akicheka tangu tukiwa wadogo, akamwambia mkwewe, kaa hapa karibu yangu. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia alipewa behewa na kuamriwa ashike. Alifariki tarehe 3 Februari 1990, na kiatu cha shemeji kilichobaki kwetu mwaka 1973 tulikikuta chini ya kitanda chake, kimepakwa dawa ya viatu.

Tarehe 5 Mei 1997, kwa idhini ya familia, marehemu alilikabidhi behewa lile kwa jumba la makumbusho ya reli, likawekwa kwenye kabati la kioo pamoja na kibao kilichoeleza wazi kwamba mabehewa haya mwanzoni yalikuwa na breki upande mmoja. Hatukuomba fidia, hatukuomba msamaha, tuliomba kibao. Miaka ishirini kikakaa, na sisi watoto wa Mzee Breki tukawa tunapeleka wajukuu kukisoma.

Mwaka 2017 wakapaka rangi ukumbi. Marehemu na mke wake walipokwenda tarehe 11 Novemba walikuta kibao hakipo, na upande ule ambao hamna kitu, pamebandikwa mkono wa breki. Wa plastiki! Umebandikwa kwa gundi, na wala haushuki. Alimwendea msimamizi kwa upole, kama ilivyokuwa desturi yake, akaambiwa, mzee wangu, wageni walikuwa wanadhani limevunjika, tukaona tulikamilishe. Alirudi mara ya pili na picha za banda la kuku, akaambiwa aache, zitatazamwa. Alirudi mara ya tatu akitembelea fimbo, akaambiwa, jamani mzee, kidude chenyewe kama njiti ya kiberiti, nani atakiona? Nani atakiona? Sisi tutakiona! Mjane aliyekaa hapa mbele atakiona, na wajukuu wa mtu aliyeitwa mzembe miaka thelathini watakiona. Ile tume angalau ilikosea bila kuangalia. Hawa waliwekewa ukweli mezani, umepimwa, una picha, wakaubandikia plastiki.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Machi 2018, akawa akisafishwa damu mara kwa mara, na alifariki asubuhi ya tarehe 17 Septemba 2019 katika wodi namba mbili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake. Hatusemi kwamba kidude kile ndicho kilichomuua, daktari ametueleza ni figo na sisi tunamwamini daktari. Tunasema tu kwamba wiki zake za mwisho hakuuliza habari za figo hata mara moja, aliuliza kama wamekitoa.

Juzi makumbusho wametuletea shada la maua, maua mazuri, tunashukuru, na kadi inayosema wamempoteza mpenzi wa vichezeo vya treni. Vichezeo. Dada yangu aliisoma kadi hiyo, akaikunja, akajifunga kitambaa chake cheusi na kuondoka. Kule makumbusho aliomba aione kazi ya mume wake kwa karibu, na mhudumu, kijana wa watu mwenye huruma, akamfungulia kabati na kwenda kumtafutia kiti. Aliporudi na kiti, mama alikuwa ameshamaliza. Alikuwa na koleo dogo la maabara ya meno, na gundi yenyewe ya hovyo, kidude kilitoka kwa mvuto mmoja.

Tumepigiwa simu kuhusu uharibifu na wizi. Basi familia inatangaza hapa, mbele yenu wote na mbele ya msimamizi aliyekaa safu ya tatu, kwamba asihangaishwe mlinzi wala yule mhudumu, mwizi ni huyu mjane, kidude kimo ndani ya mkoba wake mweusi, na atakikabidhi leo leo kwa mtu yeyote atakayeleta picha ya behewa la aina ile, kabla ya ajali, likiwa na mikono miwili. Mnajua nyumbani ni wapi. Na kibao tunakitaka kirudi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili na wa chumba cha kusafishia damu, ambao hawakuchoka naye hata alipokuwa akiwapima vitanda kwa futi kamba, nawashukuru wenzake wa maabara ya meno, majirani mliotuletea viti, maji na turubai bila kuombwa, wenye kiwanda cha unga ambao mpaka leo hawajaliuza lile banda kama chuma chakavu, na yule mhudumu wa makumbusho, kwa kiti.

Shemeji, ulikuja kwetu ukatoka na kiatu kimoja, na umetuachia jina la baba yetu likiwa zima. Dada aliniambia nikufikishie kwamba kabla hajafunga lile kabati alipitisha vidole, kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama mzee alivyofanya. Pumzika sasa kwa amani yako yote. Upande ule hamna kitu.