Mkono wa Wadhah

Benchi la mzee Qaid, mjini Taiz, limeegemezwa kwenye ukuta ambao risasi za mlimani haziufikii, na hapo ndipo vita yote ya Yemen huamuliwa kila asubuhi juu ya vikombe vya kahawa ya tangawizi. Fundi wa kuamua ni Nashwan, mdomo kama redio. Leo mada ilikuwa Wadhah, mpiga picha wa vita, aliyekwenda mstari wa mbele tangu Jumamosi na simu yake haipatikani.

— Yuko Paris, alisema Nashwan. Zile picha zake Wazungu wanazigombea.

— Paris na zile ndala? alicheka Jenerali, ambaye maishani hajashika hata manati. Huyo kaoa. Mke kamzimia simu.

— Nani amuoze mwenye fulana moja?

— Mimi nasikia kafanywa jasusi, alisema mzee Qaid akimimina. Anapiga picha kutoka mawinguni.

— Na kikohozi kile, mzee? Si wangemsikia mpaka Sana'a!

Wakacheka. Nashwan alicheka kuliko wote.

Mara akafika Arwa, dada yake Wadhah, buibui limejaa vumbi.

— Kaka zangu, nazunguka hospitali. Kila mlango wananiuliza yukoje. Nani ana picha yake? Nyumbani katupiga picha wote, yeye hayumo.

Simu zikatoka. Vidole vikapanda, vikashuka. Hakuna hata moja.

— Sisi akiinua kamera tulikuwa tunaficha nyuso, Jenerali akanong'ona. Tukimwambia ina nuksi.

— Nashwan! alisema mzee Qaid. Si unajisifu kila siku mlipigwa picha pamoja siku ya Idi?

Ni kweli walipigwa. Ndiyo hiyo anayojitangazia kwenye simu: miwani nyeusi, kifua mbele, utadhani yeye ndiye katoka vitani. Nashwan alimkata Wadhah, ili ang'ae peke yake, na ile picha nzima akaifuta. Akampa Arwa simu bila kumtazama.

Pichani, begani kwa Nashwan, ulibaki mkono tu.

Arwa akaukuza. Kucha ya kidole gumba imepinda, ile aliyoibana mlangoni utotoni.

— Ni yeye. Nitumie.

— Dada, huo mkono tu...

— Nitumie. Huko ninakokwenda, wengine hawana hata uso.

Nashwan akaiacha kahawa yake inafuka moshi, akasimama. Kwa mara ya kwanza pale benchini, alisema kwa sauti ya chini.

— Twende wote. Uso wake ninao mimi, kichwani.