Wanawake Tisa wa Ganze Hawakupotea

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, uliyefika kabla ya wageni wako, jambo ambalo kwa waheshimiwa ni nadra. Profesa Musyoka, mwenyekiti wa kamati ya mafunzo haya. Madaktari na wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja. Wazazi wa wanafunzi. Akina mama mliotoka Ganze alfajiri mkapewa viti vya nyuma. Na nyinyi wanangu, wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia, mnaomaliza leo wiki nane za kujifunza utafiti. Wakubwa zangu, shikamooni. Waliobaki, hamjambo?

Mimi ni Jedida Karisa. Nimekuwa mfanyakazi wa nyanjani hapa Kilifi kwa miaka ishirini na minne, na mwisho wa mwezi huu nastaafu. Ratiba inasema nitoe shukrani kwa dakika tano kisha nipokee zawadi. Shukrani nitazitoa, lakini nimeisoma orodha ya vyeti iliyo pale mezani, na hesabu yake haitimii. Wanafunzi walikuja kumi na wawili. Vyeti ni kumi na kimoja.

Wageni wetu huenda hamjui walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakifuatilia akina mama sitini wa Ganze waliopata presha wakiwa waja wazito, ili wapimwe tena wiki sita baada ya kujifungua. Presha si mgeni wa kuaga ukishazaa. Yaweza kubaki mwilini kimya kimya hadi siku itakapokuangusha. Akina mama hamsini na mmoja walikuja zahanati wakapimwa. Tisa hawakuja.

Sasa sikilizeni kanuni yetu. Mama asipokuja, mpigie simu mara tatu. Asiposhika, tia alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Amepotea". Basi! Mwanafunzi wetu Peterson alipiga simu ishirini na saba alasiri moja, feni ikimpepea, na kufikia saa kumi wanawake tisa wazima walikuwa wamepotea. Peterson, mwanangu, usiinamishe kichwa. Ulifuata kanuni, na kanuni hiyo niliwafundisha mimi. Hata saini iliyo chini ya fomu zile tisa ni yangu.

Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mimi kwetu ni Ganze! Mimi nisijue kwamba simu ya nyumba nzima imo mfukoni mwa mume aliye kwenye kibarua cha mjengo Mtwapa? Nisijue kwamba ikiwa haiko kwa mume basi inachajiwa dukani sokoni, na mama mwenyewe saa nane mchana yuko njiani na mtungi wa maji? Nayajua yote, na bado kwa miaka ishirini na minne nimetia saini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini hawa walikuwepo, jamani. Ni sisi ambao hatukwenda.

Aliyekwenda ni Sumeiya Uweis, mwanafunzi wa uuguzi, binti wa Shella kule Malindi. Siku ya kwanza nilimwona na viatu vyake vya kuendea arusini nikamwambia, "Mwanangu, hivyo kwa Ganze havifai." Akanijibu, "Vitazoea, Bi Jedida." Nikajisemea huyu hamalizi wiki. Wiki ya saba akaja mezani kwangu na zile fomu tisa, akaniuliza, "Bi Jedida, hawa waliopotea, nani amekwenda kuwatafuta?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia ripoti yake inatakiwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, akae chini aandike. Alhamisi sikumwona. Ijumaa sikumwona. Alikuwa Ganze, akiuliza njia boma kwa boma, na tisa wale akawapata na kuwapima wote. Mmoja alikuwa dukani kwake, mmoja alikuwa amerudi kwa mamake kulea, na saba aliwakuta kila mmoja nyumbani kwake.

Wa tisa alikuwa Mama Ngumbao, na alikutwa akipukuchua mahindi Ijumaa saa sita. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku ya nne, akadhani ni jua. Presha yake ilikuwa 178 kwa 115. Madaktari hapa wanajua maana yake. Nyinyi wengine tazameni nyuso zao. Sumeiya alimpandisha bodaboda na mtoto wake, akamfikisha hospitali, akakaa naye mpaka akalazwa. Saa kumi na moja jioni ilimkuta pale wodini, ameshika mtoto wa watu.

Mama Ngumbao, simama tukuone. Asante, mama, kaa. Nilipokwenda kumtazama wodini nilimwambia ukweli, kwamba karatasi zetu zilisema amepotea. Alinitazama, akaniambia, "Nipotee niende wapi, na mwana mgongoni?"

Ripoti ya Sumeiya ilifika Jumatatu asubuhi. Kamati ikasema imechelewa, na aliyechelewa hana cheti. Na asiye na cheti, mwakani haruhusiwi kuomba nafasi ya utafiti, hapa wala kwingine. Profesa, nilikuja ofisini kwako, ukaniambia kwa upole, "Bi Jedida, kanuni ni kanuni." Nilikusikia. Lakini asubuhi hii, mbele ya Mheshimiwa, umesimama hapa ukajisifu kwamba mwaka huu tumewapima akina mama sitini kwa sitini, hakuna hata mmoja aliyekosekana. Tukapiga makofi! Profesa, wale tisa tumewatoa wapi? Kazi tumeipokea, tumeitia kwenye ripoti kubwa, na mwenye kazi ameketi pale nyuma kando ya Mama Ngumbao kama aliyekuja kusindikiza wenzake.

Shukrani zangu basi. Nawashukuru madaktari mlionifundisha kupima, na akina mama wa Ganze mlionifungulia milango hata niliporudi mikono mitupu. Nawashukuru wanafunzi; nendeni mkawe watu wa kutoka nje ya ofisi.

Imebaki zawadi. Siri haikai Kilifi: najua ile iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa ni saa ya ukutani. Mtu anastaafu, mnampa saa ya nini? Profesa, itundikeni ofisini kwenu, nyinyi ndio mnaoihitaji. Mimi zawadi yangu ni jina moja kuongezwa kwenye orodha ile, leo, mwenye jina na akina mama wa Ganze wakiwapo. Fomu zile tisa nimezifuta saini yangu kwa mkono wangu. Nawe una kalamu mfukoni.

Asanteni kwa kunivumilia na maneno yangu. Profesa, kipaza sauti hiki hapa, nakushikisha. Anaitwa Sumeiya Uweis.