Mwalimu Adelina na Wakulima wa Mtoni

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane, Mwalimu Adelina Haule anastaafu tarehe 30 Juni, 1976. Miaka saba ya mwisho ameongoza kituo chetu cha masomo hapa Mtoni, Temeke, kinachopokea vijana waliofukuzwa sekondari au walioacha wenyewe. Aliyepigana, aliyetoroka, aliyejifungua: wote aliwaketisha benchi moja akawafundisha.

Shida ya mwanzo ilikuwa njiani. Mgambo walikamata wazururaji, na kijana asiye na sare ya shule asubuhi alionekana mzururaji kamili. Mgambo walitimiza wajibu wao, hapa hawalaumiwi. Mwalimu aliazima majembe, kila mwanafunzi akapewa moja la kubeba begani. Genoveva, aliyekuja na mtoto mgongoni, alisimamishwa mara moja tu.

"Wapi, dada?"

"Shamba, afande."

"Haya, wahi kabla ya jua kali."

Akawahi kipindi cha aljebra.

Sifa za vijana hao wachapakazi zilifika ofisi ya elimu, na mkaguzi akaja kuona. Mwalimu alimweleza wazi kwamba kituo hakina shamba. Mkaguzi alicheka, akasema unyenyekevu wa namna hiyo ndio ujamaa wenyewe. Aliyatazama majembe yaliyopangwa mlangoni, akanywa dafu, akaondoka. Mwezi uliofuata kituo kilipewa ngao ya kilimo bora. Taarifa ya ngao hiyo haikutaja wanafunzi tisa waliofaulu mtihani wa kidato cha nne, Genoveva akiwa wa kwanza. Labda nafasi haikutosha.

Mwalimu aliandika mara tatu kusahihisha jambo hilo. Kila mara alijibiwa kwa pongezi.

Kwa kuthamini mafanikio hayo, ofisi imemteua Bwana Shamba Gozbert kushika nafasi yake. Vipindi vya darasani vitasimama, ili kilimo kipate muda wa kutosha. Hakuna shaka kwamba uamuzi huo ulifikiriwa kwa makini.

Mwalimu anahamia Kigamboni, kwenye nyumba yenye baraza pana. Genoveva, ambaye sasa huwasaidia wanafunzi wapya, aliombwa awapange Jumatatu kumpokea Bwana Gozbert. Alijibu kwa adabu kwamba siku hiyo wote watakuwa kwenye pantoni ya Kigamboni, na madaftari yao. Hatukumuuliza zaidi.

Ahsante, Mwalimu. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu, kama unataka kupumzika, na kama wanafunzi wako wataruhusu.