Nitwike, Usinibebee

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi kule nyuma pia. Mimi ni mkulima hapa Kitale, na leo nasimama na shukrani iliyochanganyika na majuto.

Wazazi wetu walipofariki kule Mabanga, upande wa Bungoma, mimi kifungua mimba niliacha shule nikashika jembe. Ndugu yangu Wekesa alikuwa mdogo. Niliapa kwamba yatima huyu hatataabika. Hakulima! Hakukama ng'ombe! Hata nilipoolewa huku Kitale, kila msimu wa mvua niliacha shamba langu nikaenda kumlimia. Akaoa, bado nikaenda.

Mkewe, Nafula, alinitania mbele ya majirani, "Nyumba yetu iko na mabwana wawili, bana. Mmoja amevaa sketi." Walicheka, nami nikacheka. Sikusikia kilio kilichokuwa ndani ya mzaha ule. Mwishowe alifunga nguo zake akarudi kwa mama yake kule Myanga. Alisema atarudi siku atakayosikia Wekesa analima shamba lake mwenyewe.

Kwa uchungu nikafungua Biblia, Wagalatia sura ya sita. Mstari wa pili unatuambia tuchukuliane mizigo. Wa tano unasema kila mtu atauchukua wake. Ndugu zangu, nilichanganyikiwa! Mungu anataka lipi? Nilifunga na kuomba, sikupata jibu.

Tukaingia kuvuna mahindi. Jirani yangu, Mama Cheptoo, aliniita nimtwike gunia. Mnajua gunia zito huwezi kujiinulia kichwani peke yako. Lazima mwenzako ashike upande wa pili. Lakini nilipomwona alivyochoka, nikataka kulibeba mimi mpaka kwake.

"Wacha wee!" akanikemea. "Si nimesema unitwike? Ukienda nalo, mimi nifuate nyuma nikipunga mikono kama mgeni wa heshima?"

Nikamtwika. Akaenda zake akiimba. Nami nikasimama pale kwenye mabua, machozi yakinitoka. Maneno yote mawili yalikuwa kweli! Kumwinulia ndugu yako mzigo ni kazi yako. Kutembea nao ni kazi yake. Mimi nilimnyang'anya Wekesa mzigo wake tangu utotoni, nikauita upendo.

Mvua iliponyesha akapiga simu. "Dada, unakuja lini? Watu wanapanda."

"Nakuja. Nitakushikia kamba ya kunyooshea mistari ya kupandia. Jembe ni lako."

Akakata simu.

Nilikwenda. Alilima kwa hasira mchana kutwa. Malengelenge yalimpasuka viganjani, nami nikaikaza ile kamba, nikimwomba Yesu anizuie nisimpokonye jembe. Jioni alikaa chini kwenye udongo, akaniangalia. Hasira ilikuwa imemwisha.

"Dada, kwa nini hukunionyesha hii kazi nikiwa mdogo?"

Miaka ile hairudi. Nafula bado yuko kwa mama yake, ingawa amesikia kwamba juzi Wekesa alipalilia bila kuniita.

Namshukuru Mungu aliyenifungua! Na wewe kifungua mimba uliye hapa, unayeogopa kwamba ukiwaachilia wadogo zako watapotea, mwamini Bwana. Alikuwa baba yao kabla wewe hujawa mama yao. Waachilie leo, wangali wadogo.